Uchakavu wa Nyumba: Deni Linalosubiri Siku ya Kuuza

Mtu anayeuza nyumba ya kupangisha nchini Marekani hutozwa kodi kwa mambo mawili, na wengi hulifahamu moja tu. La kwanza ni faida inayoonekana kwa macho: alinunua kwa bei ndogo, ameuza kwa bei kubwa. La pili ni uchakavu, yaani yale makato ambayo sheria ilimruhusu kuyaondoa kwenye mapato ya pango mwaka hadi mwaka kwa sababu jengo linazeeka. Nyumba inapouzwa, serikali huyarudia makato hayo na kudai kodi yake.

Jambo hili linawagusa wasemaji wengi wa Kiswahili. Wapo Wakenya, Watanzania na Wakongo walioanza maisha ya Marekani katika vyumba vya kupanga Dallas au Minneapolis, wakafanya kazi za zamu mbili, wakanunua nyumba ya kwanza, kisha familia ilipokua wakahamia kubwa zaidi na ile ya kwanza wakaipangisha. Nyumba hiyo ndiyo akiba ya uzeeni, ndiyo ada ya watoto, na mara nyingi ndiyo itakayojenga nyumba ya kustaafia kule nyumbani. Wengi wao wametoka katika nchi ambazo pango hutozwa kodi kwa njia nyingine kabisa. Kenya, kwa mfano, tangu Januari 2024 mkazi anayepokea pango la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya pango lote, bila makato yoyote. Hakuna anayemuuliza jengo lake lina umri gani. Mtu aliyezoea utaratibu huo hana sababu ya kuwaza kuhusu uchakavu mpaka anapouza, na hapo huwa amechelewa.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kodi ya kuuza nyumba huamuliwa, kwa sehemu kubwa, na mambo yanayofanywa miaka mingi kabla ya kuuza, kuanzia mwezi ule mpangaji wa kwanza anapoingia.

Uchakavu unavyohesabiwa

Sheria ya Marekani inachukulia kwamba jengo la makazi linalopangishwa huisha thamani yake kidogo kidogo kwa miaka 27.5. Muda huo uliwekwa na mageuzi ya kodi ya mwaka 1986. Majengo ya biashara, kama maduka na ofisi, yana muda mrefu zaidi, miaka 39. Ardhi haichakai, kwa hiyo haimo. Kazi ya kwanza ya mwenye nyumba ni kuigawa bei aliyonunulia katika mafungu mawili, ardhi na jengo. Wengi huutumia uwiano ulioandikwa kwenye taarifa ya kodi ya majengo inayotumwa na kaunti kila mwaka, maana kaunti nyingi hutaja thamani ya kiwanja na ya jengo kila moja mbali.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Mume na mke wananunua nyumba kwenye viunga vya Dallas mnamo Januari 2015 na kuipangisha mwezi huohuo. Bei, pamoja na gharama za ununuzi zinazoingia kwenye hesabu, ni dola 220,000. Ardhi ni dola 55,000, jengo ni dola 165,000. Ukigawanya 165,000 kwa 27.5 unapata dola 6,000 kamili. Huo ndio uchakavu wao wa kila mwaka.

Sasa tazama unavyofanya kazi. Pango ni dola 1,900 kwa mwezi, sawa na dola 22,800 kwa mwaka. Riba ya mkopo ni dola 6,600, kodi ya majengo dola 5,000, bima dola 1,900, matengenezo na ada ya msimamizi dola 3,300. Jumla ya matumizi ni dola 16,800, na kinachobaki ni dola 6,000. Uchakavu wa dola 6,000 unaifuta faida yote kwenye karatasi. Fedha zimeingia mfukoni, lakini kwa macho ya IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, nyumba haikuleta chochote cha kutozwa kodi. Kama familia hii iko kwenye daraja la asilimia 12, imeokoa dola 720 mwaka huo. Kama iko kwenye daraja la asilimia 22, imeokoa dola 1,320.

Kanuni ndogo ndogo zipo, na kila moja ina uzito wake. Mwezi wa kwanza na mwezi wa mwisho huhesabiwa nusu, hata ukipangisha tarehe moja. Matengenezo ya kawaida, kama kuziba bomba linalovuja au kupaka rangi, hukatwa yote mwaka huohuo. Maboresho makubwa hayakatwi kwa mkupuo. Paa jipya la dola 11,000 linaanza safari yake lenyewe ya miaka 27.5, dola 400 kila mwaka, tangu lilipoezekwa. Jiko, friji na zulia vina muda wa miaka 5, na huko mbele tutaona kwamba kodi yake wakati wa kuuza ni tofauti.

Aliyeishi kwanza ndani ya nyumba kisha akaipangisha ana kanuni ya ziada. Uchakavu wake huanza kwa kulinganisha kiasi alichotumia na thamani ya soko siku alipoigeuza kuwa ya kupangisha, na kinachotumika ni kile kidogo. Walionunua mwaka 2006 bei zilipokuwa juu, wakahama na kupangisha baada ya soko kuanguka mwaka 2008, walilazimika kuanza na thamani ile iliyoshuka.

Siku ya kuuza

Turudi Dallas. Januari 2025 wale mume na mke wanauza kwa dola 340,000. Dalali na gharama nyingine za uuzaji zinachukua dola 20,000, zinabaki dola 320,000. Wao hupiga hesabu hivi: tulinunua 220,000, tumebaki na 320,000, faida yetu ni 100,000.

IRS haihesabu hivyo. Nyumba imepangishwa miaka kumi, na zile nusu za mwezi wa kwanza na wa mwisho zinakamilisha miezi 120. Uchakavu wote ni dola 60,000. Kiasi hicho huondolewa kwenye gharama ya kununulia, kwa sababu mwenye nyumba alikwisha kukitumia kama makato. Gharama iliyorekebishwa inakuwa dola 160,000. Ukiiondoa kwenye 320,000, faida ya kisheria ni dola 160,000.

Faida hiyo hugawanywa katika mafungu mawili yenye viwango tofauti. Dola 100,000, ambazo ni ongezeko la bei, zinatozwa kama faida ya mtaji ya muda mrefu, kwa kuwa nyumba ilimilikiwa zaidi ya mwaka mmoja. Viwango vyake ni sifuri, asilimia 15 au asilimia 20 kulingana na kipato, na familia nyingi za wafanyakazi huangukia 15. Dola 60,000 za uchakavu hazipati nafuu hiyo. Zinatozwa kwa daraja la kawaida la mapato ya mtu, ila sheria imeweka kikomo cha asilimia 25, ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1997.

Watu wengi hukisikia kile kikomo cha 25 na kudhani ndicho kiwango cha kila mtu. Tukokotoe kwa madaraja ya mwaka 2025. Tuseme mshahara wa wawili hawa ni dola 120,000. Ukiondoa punguzo la kawaida la wanandoa, dola 31,500, zinabaki dola 88,500. Uchakavu wa 60,000 unapangwa juu ya hizo. Daraja la asilimia 12 linaishia kwenye dola 96,950, kwa hiyo dola 8,450 za kwanza zinatozwa asilimia 12, ambayo ni dola 1,014. Dola 51,550 zilizobaki zinaingia daraja la asilimia 22, ambayo ni dola 11,341. Kodi ya uchakavu ni dola 12,355. Mtu wa kipato cha juu, ambaye mshahara wake umekwisha kuvuka madaraja haya, angelipa asilimia 25, yaani dola 15,000. Juu ya hapo zinaongezeka dola 15,000 za ongezeko la bei kwa kiwango cha asilimia 15.

Kuna kodi ya tatu ambayo huwapata watu mwaka mmoja tu katika maisha yao. Tangu 2013, mapato ya uwekezaji ya wanandoa ambao kipato chao chote kimepita dola 250,000 (200,000 kwa asiye na ndoa) hutozwa asilimia 3.8 ya ziada kwa kile kilichozidi. Mshahara wa 120,000 na faida ya 160,000 ni jumla ya dola 280,000. Zilizozidi ni 30,000, na kodi yake ni dola 1,140.

Jumla yote ni dola 28,495. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo hesabu inaishia hapo. Nyumba hiyohiyo ingekuwa Minnesota, jimbo lingedai fungu lake, na huko faida ya mtaji hutozwa kama mapato mengine, kwa viwango vinavyofika asilimia 9.85.

Hapo limejificha jambo linalostahili kufikiriwa kwa makini. Makato ya uchakavu yalikuja vipande vipande, dola 6,000 kwa mwaka, na huenda kila kipande kiliokoa asilimia 12 tu. Yanaporudi, yanarudi yote mwaka mmoja, yakirundikana juu ya mshahara, na sehemu kubwa inatozwa asilimia 22. Ndiyo maana uchakavu unafanana na mkopo kutoka serikalini: unautumia kwa miaka mingi bila riba, unaulipa mara moja, na wakati mwingine unalipa zaidi ya ulichopokea. Kwa mtu aliyeitumia nafuu ile ya kila mwaka kupunguza deni la nyumba au kuweka akiba, bado amepata faida. Kwa aliyeila bila kujua ilitoka wapi, siku ya kuuza inauma.

Kwa nini kukataa hakusaidii

Baada ya kusikia haya, wapo wanaosema: basi mimi sitauchukua huo uchakavu, niuze salama. Ushauri huo husambaa sana mitaani, na umewagharimu watu fedha nyingi.

Sheria inasema gharama ya msingi, yaani ile ya kununulia nyumba, hupunguzwa kwa uchakavu uliochukuliwa au uliostahili kuchukuliwa, ule ulio mkubwa kati ya hivyo viwili. Maana yake ni kwamba hata kama hukuwahi kukata hata senti moja kwa miaka kumi, siku ya kuuza IRS itahesabu kana kwamba ulikata dola 60,000 zote. Familia ya Dallas isingechukua uchakavu, ingelipa kodi ya dola 6,000 za pango kila mwaka, halafu mwishoni ingelipa tena kodi ya dola 60,000 zilezile. Ingekuwa imelipia mkopo ambao haikuupokea.

Walioko katika hali hiyo sasa hivi wasikate tamaa, kwa sababu mlango upo. Aliyesahau mwaka mmoja tu hurekebisha ritani yake ya kodi ya mwaka huo. Aliyesahau miaka miwili au zaidi mfululizo hutumia Fomu 3115, inayoomba kubadili utaratibu wa hesabu, na makato yote yaliyoachwa nyuma huingizwa kwa pamoja mwaka huohuo wa kubadili. Inawezekana hata mwaka wa kuuza. Fomu yenyewe ni ndefu na si kila mhasibu anayeijua, kwa hiyo muulize mapema kama amewahi kuijaza.

Na vile vitu vya miaka 5, jiko na friji na zulia, havina kikomo cha asilimia 25. Uchakavu wake unaporudi hutozwa kwa daraja la kawaida, hata likiwa asilimia 32 au 37. Siku hizi wapo wataalamu wanaojitangaza kwamba wanaweza kuichambua nyumba yako na kuhamisha vipande vyake vingi kwenye fungu hili, ili ukate kiasi kikubwa mwaka wa kwanza. Sheria inaruhusu, na kwa baadhi ya watu ina maana. Lakini anayekushauri ukate sana leo anapaswa pia kukuonyesha, kwa tarakimu, utalipa nini ukiuza baada ya miaka minne.

Hasara zilizofungiwa na fedha zilizokwisha kutumika

Kuna upande mmoja wenye habari njema ambao husahaulika mara nyingi. Nyumba ikileta hasara kwenye karatasi, kwa mfano pale uchakavu unapozidi kilichobaki kwenye pango, mwenye kipato cha hadi dola 100,000 anayeshiriki kuisimamia anaweza kukata hasara ya hadi dola 25,000 kwenye mshahara wake. Kati ya 100,000 na 150,000 ruhusa hiyo hupungua, na ikifika 150,000 huisha kabisa. Wauguzi wawili waliooana huvuka kiwango hicho bila shida. Hasara zao haziharibiki; hufungiwa na kuandikwa kwenye Fomu 8582, zikisubiri.

Zinasubiri siku ya kuuza. Nyumba ikiuzwa moja kwa moja kwa mtu asiye wa ukoo, hasara zote zilizofungiwa huachiliwa na hukatwa kwenye mapato yoyote, mshahara ukiwemo. Dola 3,000 kwa mwaka kwa miaka kumi ni dola 30,000, na hizo hupunguza sana maumivu ya kodi ya uchakavu. Tatizo ni kwamba watu hubadilisha wahasibu. Yule mpya hapewi karatasi za zamani, na zile 30,000 hupotea kwenye ritani za miaka iliyopita bila mtu kuzidai.

Upande wa pili ni mchungu. Deni la benki halipunguzi faida hata kidogo. Tuseme mwaka 2021, riba zilipokuwa chini, ile familia ya Dallas ilichukua mkopo mpya juu ya nyumba hiyo ili kujenga kule nyumbani, na siku ya kuuza inadaiwa dola 230,000. Kwenye dola 320,000 benki inachukua chake, na familia inaondoka na dola 90,000. Kodi haijabadilika; bado ni dola 28,495, karibu theluthi ya fedha zilizoingia mkononi. Anayedhani kodi inahesabiwa kwenye zile 90,000 atakuwa amekwisha kuzipangia kazi zote kabla bili haijafika.

Njia ambazo sheria imeziacha wazi

Njia inayojulikana zaidi ni ya nyumba ya kuishi. Aliyemiliki nyumba na kuishi ndani yake angalau miaka miwili kati ya mitano iliyotangulia kuuza, anasamehewa faida ya hadi dola 250,000, au 500,000 kwa wanandoa. Kwa hiyo aliyehama akaipangisha nyumba yake ana takriban miaka mitatu ya kuuza huku msamaha ukiwa hai. Lakini msamaha huo haugusi uchakavu wa baada ya tarehe 6 Mei 1997. Ukipangisha miaka miwili kwa uchakavu wa dola 6,000 kila mwaka, ongezeko la bei linasamehewa, dola 12,000 za uchakavu zinatozwa.

Mpangilio wa miaka nao una uzito. Anayepangisha kwanza kisha akahamia ndani hapati msamaha kamili. Kwa vipindi vya kuanzia mwaka 2009, kama ulipangisha miaka sita kisha ukaishi miwili, robo tatu ya ongezeko la bei inabaki kutozwa. Anayeishi kwanza na kupangisha baadaye, akauza ndani ya muda, haguswi na kanuni hiyo. Nyumba moja na miaka ileile inaweza kuleta kodi mbili tofauti kabisa.

Njia ya pili ni kubadilishana nyumba kwa nyumba. Ukiuza nyumba ya kupangisha na kununua nyingine ya uwekezaji, kodi yote huahirishwa, ya uchakavu ikiwemo. Masharti hayana huruma: una siku 45 za kutaja kwa maandishi mali unayokusudia kununua, na siku 180 za kukamilisha, zikihesabiwa tangu siku ya kuuza, sikukuu na wikendi zimo. Fedha lazima zishikwe na msimamizi wa kati anayekubalika kisheria; zikiingia kwenye akaunti yako hata kwa siku moja, nafasi imepotea. Na hapa wenzetu wengi huota ndoto isiyowezekana: mali ya Marekani haiwezi kubadilishwa na mali iliyo nje ya Marekani. Nyumba ya Dallas huwezi kuibadilisha na fleti ya Dar es Salaam au Kilimani kwa njia hii.

Ya tatu ni kuuza kwa awamu, mnunuzi akakulipa kwa miaka kadhaa. Faida hutambuliwa kadiri malipo yanavyoingia, na hilo hupunguza ule mrundikano wa mwaka mmoja. Sheria inataka fungu la uchakavu litangulie kuisha, kisha ndipo lifuate ongezeko la bei. Hatari yake iko wazi: ukimkopesha mnunuzi, lazima uwe na hakika kwamba atalipa.

Ya nne ni urithi. Mwenye nyumba akifariki akiwa bado anaimiliki, warithi huanza na thamani ya soko ya siku ya kifo, na uchakavu wote wa marehemu hufutika. Lakini mzazi akiwapa watoto nyumba kwa hisani angali hai, huwapa pamoja na historia yake yote. Uchakavu aliochukua yeye, watoto ndio watakaoulipia watakapouza. Wazazi wengi hufanya hivyo kwa mapenzi, wakidhani wanawapunguzia watoto usumbufu, kumbe wamewabebesha kodi ambayo ingeweza kufutika. Ni mazungumzo magumu kwa familia zetu, kuketi na mzazi mgonjwa na kuzungumzia hati. Hata hivyo yanapaswa kufanyika kwa heshima na mapema.

Nyumba iliyo Mombasa, na mwenye nyumba aliyerudi

Raia wa Marekani na mwenye kadi ya kijani hutozwa kodi kwa mapato ya dunia nzima. Nyumba yako ya kupangisha iliyo Mombasa au Mwanza inaingia kwenye ritani ya Marekani kama ile ya Dallas. Uchakavu wake ni wa muda mrefu zaidi: miaka 30 kwa iliyoanza kupangishwa baada ya 2017, na miaka 40 kwa za kabla ya hapo. Kanuni ya kuchukua au kustahili kuchukua inafanya kazi vilevile. Aliyekaa miaka saba bila kuitaja nyumba hiyo, uchakavu unamhesabu.

Fedha za kigeni huzidi kuchanganya hesabu. Gharama ya kununua hubadilishwa kuwa dola kwa bei ya siku ya kununua, na bei ya kuuza kwa bei ya siku ya kuuza. Chukua nyumba iliyonunuliwa kwa shilingi za Kenya milioni 10 dola ikiwa shilingi 100, ikauzwa kwa milioni 13 dola ikiwa 130. Kwa shilingi kuna faida ya milioni 3, na Kenya, ambayo kodi yake ya faida ya mtaji imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023, itadai shilingi 450,000, karibu dola 3,460. Kwa dola, ilinunuliwa 100,000 na kuuzwa 100,000. Hakuna ongezeko lolote. Ila kama jengo ni dola 75,000, uchakavu wake ni dola 2,500 kwa mwaka, na kwa miaka saba ni dola 17,500. Hizo ndizo faida yake Marekani, na zote ni za uchakavu. Kodi iliyolipwa Kenya kwa kawaida huweza kupunguzwa kwenye kodi ya Marekani, ndani ya mipaka iliyowekwa, mradi uwe na stakabadhi ya malipo.

Aliyerudi nyumbani moja kwa moja, na hana tena uraia wala ukaazi wa Marekani, anakabiliwa na jambo jingine akiuza nyumba aliyoiacha kule. Mnunuzi analazimika kuzuia asilimia 15 ya bei yote ya kuuzia, si ya faida, na kuipeleka IRS. Kwa nyumba ya dola 340,000 hizo ni dola 51,000. Kiwango hupungua au kufutika pale mnunuzi anapoichukua nyumba kwa makazi yake na bei ikiwa chini ya viwango fulani. Pia unaweza kuomba hati ya kupunguziwa kabla ya siku ya kukamilisha mauzo, au kudai ziada kwa kujaza ritani mwaka unaofuata. Vyote viwili vinahitaji namba ya mlipakodi iliyo hai na subira ya miezi kadhaa.

Karatasi na kalenda

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijaona mahali pengine maneno hayo yanapotimia waziwazi kama hapa. Weka taarifa ya kufunga ununuzi, ile inayoonyesha bei na gharama zote. Weka risiti za paa, kiyoyozi, madirisha na uzio, kwa sababu kila boresho linaongeza gharama ya msingi na kupunguza faida. Weka jedwali la uchakavu linaloambatana na ritani, pamoja na Fomu 8582, ya kila mwaka. Ukirithi nyumba, iwe Marekani au Afrika Mashariki, tafuta mthamini aandike thamani yake ya siku ya kifo wakati kumbukumbu za soko bado ni mbichi. Baada ya miaka kumi na mitano ni vigumu kuithibitisha.

Kalenda nayo haisubiri. Kampuni iliyosimamia uuzaji huipelekea IRS taarifa ya bei, kwa hiyo kunyamaza si njia. Kodi ya mauzo ya Januari inatarajiwa kuanza kulipwa tarehe 15 Aprili ya mwaka huohuo, kwa malipo ya robo mwaka, si kusubiri ritani ya mwaka unaofuata. Kuna kinga moja inayofaa kujulikana: kama makato ya mshahara yanafikia kodi yote ya mwaka uliotangulia, au asilimia 110 yake kwa waliokuwa na kipato cha zaidi ya dola 150,000, hutatozwa adhabu, na salio utalipa kabla ya tarehe 15 Aprili inayofuata. Hata hivyo fedha hizo zitenge siku ileile zinapoingia, kwenye akaunti ambayo haiguswi kwa harusi, kwa kiwanja wala kwa mchango wowote.

Mpelekee mhasibu tarakimu nne kabla ya kumwita dalali: ulinunua kwa kiasi gani, umeboresha kwa kiasi gani, umechukua au ulistahili kuchukua uchakavu wa kiasi gani, na una hasara gani zilizofungiwa. Kwa hizo nne atakueleza kodi yako kwa kukadiria, na atakueleza kama kusubiri mwaka mmoja, kuhamia ndani, kubadilishana au kuuza kwa awamu kunakufaa. Hesabu hiyo ikifanywa kabla ya kusaini mkataba wa mauzo, bado njia zipo za kuchagua. Ikifanywa baada ya kusaini, nyingi kati ya hizo zimekwisha kufungwa, na kinachobaki ni kulipa.